Testa ya balbu au mita: kipi ushike taa za pikipiki zinapokatakata?

"Fundi, taa kubwa inazima nikikata kona ya kushoto. Nikisimama nikuoneshe, inawaka."

Maneno haya nayasikia karibu kila wiki, zaidi jioni, madereva wa bodaboda wanapojiandaa kwa kazi ya usiku. Taa iliyokufa kabisa ni kazi nyepesi. Imezima, imetulia, inakusubiri uifuate waya kwa waya. Inayokatakata ndiyo yenye shida, kwa sababu ukiikaribia na kifaa mkononi inajifanya nzima. Dereva anaambiwa "mbona iko sawa", anaondoka, na saa 3 usiku yuko barabarani na abiria nyuma yake, lori linamjia, taa inazima. Kwa hiyo kifaa unachoshika kina uzito wake. Ukishika kisichofaa unamrudisha mtu barabarani na ugonjwa uleule aliokuja nao.

Vinavyoshindanishwa hapa ni viwili. Testa ya balbu ni balbu ya pikipiki ya volti 12 ndani ya holda yake, ikiwa na waya mbili za kugusisha. Mita ni ile ya namba inayopima volti, ampea na omu. Nitautaja pia waya wa kuazimia umeme, lakini huo ni msaidizi tu. Msimamo wangu ni huu: hitilafu ikiwa inakuja na kuondoka, anza na balbu. Mita ina kazi zake ambazo balbu haiziwezi kabisa, ila nafasi yake ni ya pili.

Mita ilisoma 12.4

Pikipiki ya huyo ndugu wa kona ya kushoto ilikuwa ya cc 150, na taa yake kubwa inakula umeme wa betri. Nilichomoa plagi ya taa, nikaweka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, na nyekundu kwenye waya wa taa. Ikasoma 12.4. Nikakata usukani kushoto, 12.4. Kulia, 12.4. Kwa ushahidi wa mita, waya ule ulikuwa mzima.

Nikaondoa mita, nikaweka testa ya balbu mahali palepale. Usukani ukiwa katikati iliwaka vizuri. Nilipoukata kushoto uzi wa balbu ulififia ukawa mwekundu kama kaa la mwisho kwenye jiko, kisha ukazima. Basi nikaushika mkungu wa waya unaopita shingo ya usukani na kuanza kuukunja taratibu, kipande kwa kipande, macho kwenye testa. Kulikuwa na waya mmoja uliolegea kuliko wenzake. Sentimita mbili hivi za waya huo zilijikunja kama kamba ya kiatu, hazina mgongo. Ganda la nje halikuwa na hata mkwaruzo. Nilipolichana kwa wembe nikakuta nyuzi zote za shaba zimekatika, ncha zake zimekuwa nyeusi zenye ukijani wa kutu, zinagusana kwa kuegemeana tu.

Mita haikusema uongo. Ndani yake ina ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, mkubwa mno, kwenye mita nyingi ni omu milioni 1 hadi 10, hivyo inapopima volti inaonja umeme kidogo sana, sehemu chache za milioni ya ampea. Kiasi hicho kinapenya hata kwenye kutu. Balbu ya wati 35 inataka karibu ampea 3, na ampea 3 hazipiti pale. Fikiria bomba la maji lililojaa tope. Koki ikiwa imefungwa, presha inaonekana kamili. Fungua uone kama ndoo itajaa. Mita inasoma presha koki ikiwa imefungwa. Testa ya balbu inafungua koki.

Hapo ndipo ulinganisho mzima unapoegemea. Hitilafu nyingi zinazokatakata zipo kwenye miguso mibovu: waya uliokatikia ndani ya ganda, holda yenye kutu, plagi iliyolegea, swichi ya funguo iliyochakaa, ethi iliyobanwa juu ya rangi. Miguso ya namna hii hupitisha umeme kidogo na kukataa mwingi. Kifaa kisichokula umeme kitaisifia.

Vivyo hivyo kwa ile kengele ya mita ambayo vijana wengi wanaitegemea. Mita nyingi hulia mradi ukinzani uko chini ya omu 30 au 50. Balbu ya wati 35 ikiwa inawaka ina ukinzani wa omu 4 tu. Mguso mbovu wa omu 5 utailiza kengele vizuri kabisa, huku ukila zaidi ya nusu ya volti za taa. Kengele inatosha kukwambia kwamba waya huu unatokea kule. Afya ya waya haiijui.

Kuna na suala la kasi. Namba za mita za kawaida hubadilika mara 2 au 3 kwa sekunde, hivyo umeme ukikatika kwa kitambo kifupi cha mtikisiko mita inaweza isioneshe kitu. Balbu ikipepesa, jicho linaona hapohapo, hata la mtu anayetazama pembeni. Mimi huifunga testa karibu na kisahani cha spidi, mikono yote miwili ikabaki huru kutikisa waya, kubonyeza swichi na kugeuza usukani. Kwa mita, mkono mmoja uko kwenye ncha, mwingine uko kwenye ncha, na anayetikisa waya hayupo.

Ethi, mahali wengi wanapoteza siku nzima

Dalili yake ukishaizoea huisahau. Unakanyaga breki, taa ya nyuma inafifia. Unawasha indiketa, taa ya breki inapepesa pamoja nayo. Taa kadhaa za upande mmoja wa pikipiki kuchanganyikiwa kwa pamoja maana yake ni kwamba zinachangia njia moja ya kurudi, na njia hiyo haipitiki vizuri. Umeme unatafuta uchochoro kupitia balbu ya jirani.

Testa ya balbu inamaliza suala hili kwa dakika moja. Bana upande mmoja kwenye chanya ya betri, kisha gusisha ncha ya pili kwenye hasi ya betri yenyewe, uone mwanga kamili ulivyo. Halafu hamia kwenye chuma cha holda ya taa ya nyuma. Mwanga ukiwa uleule, ethi ni nzima. Ukififia, hujakosea njia. Tikisa madigadi ya nyuma, fuata waya wa ethi mpaka kwenye boliti yake. Mara nyingi utakuta boliti imebanwa juu ya rangi au imekula kutu kwa maji ya kuoshea. Piga msasa mpaka chuma king'ae, bana, paka grisi kidogo juu yake.

Mita nayo inaipata ethi mbovu, na kwa usahihi zaidi, ila ukijua namna. Washa taa yenyewe, maana bila taa kuwaka hakuna mzigo, yaani hakuna kinachokula umeme. Weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya holda. Umeme ukipita njia safi utasoma volti 0.1 au 0.2. Ukifika 0.5, kuna jambo. Ukizidi 1, umeshamkamata. Tatizo ni kwamba wengi hawapimi hivi. Wanazima kila kitu, wanaweka omu, wanasoma 0.6, wanasema safi.

Na usidharau volti moja au mbili. Balbu ya uzi ikipewa volti 10 badala ya 12 hutoa karibu nusu tu ya mwanga wake. Dereva anadhani balbu ni feki, ananunua nyingine, na nyingine tena.

Mtego wa taa isiyotumia betri

Pikipiki nyingi ndogo hazilishi taa kubwa kutoka kwenye betri. Umeme wake unatoka kwenye koili za stata, yaani zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka, unapita kwenye regyuleta inayodhibiti volti, unafika kwenye taa ukiwa mkondo geu, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, tofauti na ule mnyoofu wa betri. Utaitambua hivi: funguo imewashwa, injini imezima, taa kubwa haiwaki, lakini indiketa na honi zinafanya kazi. Washa injini, taa inawaka, na mwanga unapanda kadiri unavyovuta mafuta.

Sasa mtu anakuja na mita aliyoiacha kwenye volti za betri, zile zenye alama ya mstari mnyoofu. Anapima waya wa taa kubwa, anasoma sifuri au namba zinazorukaruka, anahukumu waya. Nimeona mkungu mzima wa waya ukibadilishwa kwa kosa hili, na mwenye pikipiki akalipa. Ilibidi apeleke swichi ya mita kwenye volti zenye alama ya wimbi. Hata akifanya hivyo, mita za bei ya chini zimetengenezwa kwa wimbi laini kama la umeme wa nyumbani, na kipimo chake cha chini kabisa cha wimbi mara nyingi ni volti 200. Regyuleta ya pikipiki inalikata wimbi, kwa hiyo namba unayoipata ni ya kukisia.

Balbu haibagui mkondo. Geu au mnyoofu, ikipata umeme wa kutosha inawaka. Kwa taa za aina hii ninaipendelea testa bila kusita, injini ikiwa inaunguruma. Tena mtikisiko wa injini wenyewe unakusaidia kuamsha hitilafu.

Mwangalie mteja pia kabla hujafungua kitu. Kama analalamika kwamba taa inafifia akisimama kwenye foleni na kurudi akiondoka, na taa yake ni ya stata, huo ndio mwendo wake wa kawaida. Mweleze, usimchaji.

Pale mita inapoiacha balbu mbali

Balbu haiwezi kukwambia tofauti ya volti 12.6 na 15.5. Zote ni mwanga tu. Pikipiki inayounguza balbu kila wiki mbili inahitaji mita kwenye betri, injini ikiwa kwenye mwendo wa kati. Kati ya 13.5 na 14.5 chaji iko vizuri. Ikivuka 15, regyuleta ndiyo inayokuulia balbu, au nguzo ya betri imelegea na umeme unarukaruka. Ikibaki 12 na inashuka, betri hailishwi, na taa zitaanza kuzingua zenyewe usiku ukienda.

Umeme unaovuja pikipiki ikiwa imelala, huo pia ni wa mita, kwenye ampea. Na baada ya testa kukuonyesha eneo, mita inakupa jibu la mwisho kwa kile kipimo cha volti zinazopotea. Weka ncha moja kabla ya swichi na nyingine baada yake, taa ikiwa inawaka. Swichi nzima inapoteza kidogo sana. Iliyochakaa ndani itakuonyesha nusu volti au zaidi, na namba itacheza ukiigusa funguo. Ushahidi huo unaweza kumwonesha mteja kabla hajakubali kununua swichi mpya.

Kuna mpaka mmoja ambao sitaki mtu auvuke. Pikipiki zenye mfumo wa kupulizia mafuta zina kompyuta na waya nyembamba za vitambuzi. Balbu ya uzi kwenye waya hizo inavuta umeme ambao saketi haikuundwa kuutoa, na inaweza kuiua. Hapo tumia mita tu. Testa ya balbu ibaki kwenye waya za taa, indiketa, breki na honi.

Mita nayo ina hatari yake. Ukiacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10, kisha ukagusa nguzo za betri kupima volti, umepiga shoti. Kwenye mita nyingi ndogo tundu hilo halina hata fyuzi, na waya wa mita utaungua mkononi. Na usipime omu kwenye waya wenye umeme.

Fyuzi inayoungua mara mojamoja

Hii naipenda kuliko zote, na mita haina jibu lake. Fyuzi inaungua leo, unaweka mpya, inakaa siku tatu, inaungua tena. Kuna waya uliokwanguka sehemu unagusa bodi kwa nadra. Utaweka fyuzi ngapi ukitafuta?

Chomoa fyuzi. Mahali pake, kwenye miguso miwili ya kikalio cha fyuzi, unganisha balbu ya wati 21. Sasa hata ikitokea shoti kamili, umeme unaopita hauzidi ampea 1.75 au karibu na hapo, na balbu inawaka kwa nguvu zote. Zima taa na vyombo vyote, acha funguo imewashwa, balbu itakuwa imezima au inawaka hafifu tu. Kisha anza kutikisa: usukani, chini ya tangi, chini ya kiti, kwenye madigadi ya nyuma pale tairi linapopanda ukikalia pikipiki. Balbu ikiripuka kwa mwanga, mkono wako uko juu ya ugonjwa. Kama shoti iko kwenye waya wa indiketa au breki, washa hicho kimoja na utafute tofauti kati ya mwanga hafifu na mwanga kamili.

Waya wa kuazimia nautaja kwa ufupi. Ni waya wa mita moja na nusu hivi, vibanio pande zote, fyuzi ya ampea 5 katikati. Unaupeleka kutoka hasi ya betri hadi ethi ya taa inayokatakata, unamwambia dereva azunguke mtaa. Ikiacha kukata, ethi ndiyo mkosaji. Kwa hitilafu inayotokea pikipiki ikiwa barabarani tu, hakuna njia fupi kuliko hii. Ila ukiutumia upande wa chanya bila ile fyuzi, unatafuta moto.

Kutengeneza na kununua

Testa nzuri unaitengeneza mwenyewe kwa holda ya indiketa iliyovunjika kioo, balbu ya wati 10, waya mbili za mita moja, kibanio chenye meno upande mmoja na msumari mwembamba uliosuguliwa ncha upande wa pili. Wati 10 zinakula karibu ampea 0.8, na kiasi hicho kinafichua mguso mbovu bila kuchosha waya nyembamba. Kwa waya wa taa kubwa naongeza ya wati 21, lakini inapata moto haraka, isiguse plastiki. Usinunue testa ya taa ya LED kwa kazi hii. Inavuta umeme kidogo mno, itakudanganya kama mita.

Wengine hutumia sindano ya kushonea magunia kutoboa ganda la waya. Kitundu kile kinaingiza maji, na baada ya masika utakuwa umempa mteja hitilafu mpya. Ingiza ncha kwa nyuma ya plagi, kando ya waya.

Kwenye mita, angalia iwe na kipimo cha volti 20 za betri, kengele, na ampea. Zinazokumbuka namba ya juu na ya chini zinafaa kwa taa zinazokatakata, lakini hizo ni ghali, na sioni sababu ya anayeanza kuzifuata.

Ukiwa dereva, unayetaka tu kujikwamua usiku ukiwa mbali na gereji, beba testa ya balbu na ule waya chini ya kiti. Vinatosha, wala havihitaji betri ya ndani itakayokuwa imekufa siku unayovihitaji. Ukiwa fundi wa kijiweni unayeshika pikipiki za kabureta zaidi, testa iwe ya kwanza, na mita ifuate utakapochoka kubahatisha regyuleta. Ukiwa unapokea pikipiki za mfumo wa kupulizia mafuta, huna uchaguzi: mita kwanza, na ujifunze kupima mzigo ukiwa umewashwa.

Pikipiki ya yule ndugu niliikata waya pande zote mbili za pale palipooza, nikaunga kipande kipya kirefu kidogo ili kipate kulegea usukani ukigeuka, maungio nikayasogeza mbali na shingo, nikayachoma risasi na kuyavika mpira. Nikamwambia akate usukani kushoto na kulia huku injini ikiunguruma, taa imewashwa, testa imefungwa sambamba na taa. Haikupepesa. Mita, kutoka chanya ya betri hadi kwenye plagi ya taa inayowaka, ikasoma 0.3. Akakaa juu ya kiti, akajaribu kona ya kushoto mara mbili pale uwanjani mwenyewe, akaondoka kabla ya adhana ya Isha.